Mama katolewa nyongo kwa matundu, sasa bega ndo linamuuma kuliko tumbo. Alaleje?

BintiHajati_Kawempe
Ijumaa, saa 3 asubuhi

Assalam alaikum na habari za asubuhi ndugu zangu wote, naombeni msaada maana tangu juzi usiku sijalala vizuri. Mama yangu ana miaka 58, Jumanne walimfanyia operesheni ya kutoa kifuko cha nyongo, si ile ya kupasua tumbo, ni hii ya kamera wanayotoboa matundu manne madogo. Mawe yalikuwa yamejaa, skani ilionyesha, na ameteseka karibu mwaka mzima, kila akila kitu cha mafuta usiku ni kulia. Operesheni ilienda vizuri alhamdulillah, Jumatano jioni wakaturuhusu, wakatupa vidonge na karatasi ya kurudi Jumanne kutoa nyuzi, basi.

Jumatano hiyo hiyo usiku ndo akaanza, bega, bega, bega. La kulia. Tumbo anasema ni maumivu ya kawaida ya kidonda lakini bega ni kama mtu anamchoma kisu hapa juu kabisa, kwenye ncha ya bega kuelekea shingoni, na akivuta pumzi ndefu linazidi. Mkono wenyewe anauinua vizuri, anajifunga leso mwenyewe, hauna shida. Mimi nikasema nimsaidie, nikakusanya mito yote ya nyumba, minne, nikaipanga ukutani nikamkalisha wima maana najua mgonjwa akikaa wima anapumua vizuri. Jamani likazidi mpaka machozi yakamtoka. Shangazi akaja na dawa ya kuchua, akalichua robo saa nzima, wapi. Jirani mmoja anasema walimvuta mkono huko theata akiwa hajitambui, mwingine anasema hiyo ni moyo, hapo ndo nikaishiwa nguvu.

Sasa kuna kitu nimekiona leo alfajiri ndo kimenifanya niandike. Tangu atoke hospitali anaswali amekaa kwenye kiti. Leo nimeingia chumbani nikakuta ameshuka kwenye mswala, ameshatoa salamu, lakini amerudi kusujudu tena na hainuki. Nikasimama mlangoni nasubiri, hainuki. Nikaogopa nikaenda nikamgusa mgongoni, akasema taratibu bila kuinua kichwa, "niache kwanza mwanangu, hapa bega limenyamaza." Alikaa vile kama dakika tano, alipoinuka akakaa kitandani kwenye ile mito yangu, baada ya muda mfupi likarudi lile lile.

Ni bahati tu au kuna namna ya kumlaza? Na akiinama vile vidonda havitaachia? Naombeni anayejua kweli anijibu, si wa kubahatisha.


SistaWaWodi_Jinja
Ijumaa, saa 3 na dakika 40

Waalaikum salam dada, pole sana na umfikishie mama pole. Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji, mwaka wa kumi na moja huu, hili swali nakutana nalo karibu kila wiki na linaniuma kwa sababu ilitakiwa muelezwe kabla hamjatoka getini, ni maneno ya dakika tano tu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, bega la mama halina ugonjwa. Maumivu yanatoka tumboni. Ili daktari aone ndani kwa kamera lazima kwanza tumbo lipulizwe kama puto, na wanalipuliza kwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwisho wa operesheni wanaitoa lakini haitoki yote, kuna inayobaki. Sasa gesi ni kama mapovu kwenye chupa ya soda, siku zote inakimbilia juu. Mgonjwa akikaa wima, juu ni wapi? Ni chini ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hapo juu ya ini. Inakaa pale inakivuta na kukiwasha. Na mshipa wa fahamu wa kiwambo hautoki tumboni, unatoka shingoni, sehemu ile ile inakotoka mishipa ya ngozi ya ncha ya bega, kwa hiyo ubongo unapokea habari unadhani ni bega linalolia. Ndo maana shangazi kachua robo saa bila kitu, alikuwa anabisha hodi nyumba ya jirani. Ndo maana pia mkono unainuka vizuri, na pumzi ndefu inauma maana pumzi ndo inayosukuma kiwambo.

Na alichofanya mama kwenye mswala si bahati. Ukisujudu makalio yako juu, kifua na kiwambo viko chini. Gesi imehama kutoka chini ya kiwambo imepanda nyonga, na huko nyonga hakuna mshipa wa kulisumbua bega. Alipoinuka akakaa, ikarudi pale pale. Wagonjwa wangu huwa nawafundisha kitu kinachofanana na hicho wala sikuwahi kukifikiria kama sijda mpaka leo nimesoma kwako.

Basi fanya hivi. Ile mito minne iondoe, mito ndo imekuwa inamuumiza. Mlaze chali kitanda kikiwa sawa, kichwani asiwe na kitu au awe na leso iliyokunjwa tu, halafu chukua mto mmoja mnene uweke chini ya makalio, si kiunoni, makalio, ili nyonga iwe juu kuliko kifua. Magoti ayakunje nyayo zikiwa zimekanyaga godoro, tumbo linalegea na nyuzi hazivutwi. Akae hivyo dakika kumi mpaka robo saa, anapumua polepole. Dakika za kwanza huenda akaona hakuna kitu, mvumilie, gesi inachukua muda kuhama. Baadaye toa mto wa makalio alale sawa au kwa ubavu, magoti yamekunjwa, mto katikati ya magoti, na mwingine aukumbatie tumboni. Ubavu gani? Ule anaousikia yeye uko nafuu, mimi nimeona wengi wanapenda kushoto lakini siwalazimishi. Arudie ule wa makalio juu mara tatu nne kwa siku au kila bega likianza.

Kama mto chini ya makalio unamuuma mgongo, inueni kitanda chenyewe upande wa miguu, tofali moja moja chini ya miguu miwili ya mwisho inatosha.

Kuinuka ndo watu wengi wanakosea. Asijivute moja kwa moja kama mtu anayeamka asubuhi, hapo ndo vidonda vinavutwa. Ageuke kwanza ubavu, ashushe miguu chini ya kitanda, huku anajisukuma kwa mkono na kiwiko. Akikohoa au kupiga chafya abane mto tumboni. Sijda akiipata bila vidonda kuuma haina neno, ashuke taratibu akishika kiti, asikae sana mpaka kichwa kikajaa damu. Ikimuuma aendelee na kiti, mgonjwa ana ruhusa yake.

Dawa anameza nini?


MzeeWaMalaba
Ijumaa, saa 4 na dakika 15

Mwanangu pole. Mimi nilitolewa hiyo nyongo miaka miwili iliyopita na hilo bega nalijua, usiku wa pili nilimwambia mke wangu aniite wanangu niwaage. Naongezea moja tu kwa alilosema sista, TEMBEA. Mimi nililala siku mbili sitikisiki nikidhani ndo kupona, bega likanishikilia. Siku ya tatu shemeji yangu akanishika mkono tukaanza kuzunguka ua, kutoka mlangoni mpaka kwenye tenki la maji, tunarudi, tunapumzika, saa moja baadaye tena. Jioni yake nikala matoke nimekaa mezani na watu. Ukitembea unapumua, damu inazunguka, na gesi inaisha haraka.

Na usimpe soda. Watu walikuwa wananiletea soda ati nipige mbweu gesi itoke, tumbo likavimba nikapata taabu mbili.


BintiHajati_Kawempe
Ijumaa, saa 5 na dakika 5

Allah awabariki nyote, nimelia kidogo nikisoma, maana mito niliipanga kwa mikono yangu.

Sista, walimpa parasetamo na diklofenaki, diklofenaki nimesimamisha jana kwa sababu ana vidonda vya tumbo na ana presha, anameza dawa yake ya presha kila siku. Parasetamo anameza akiumwa sana tu, yeye hapendi vidonge. Nimejaribu ule mlalo wa mto chini ya makalio, dakika za kwanza alilalamika kweli, baadaye akanyamaza nikadhani amekasirika kumbe amelala usingizi! Usingizi wa kwanza wa maana tangu Jumatano.

Nina wasiwasi mmoja, kichwa kuwa chini na presha si vibaya? Na chai ya tangawizi niliyompikia ili apige ushuzi gesi itoke inasaidia au ndo kama ile soda ya mzee?


NusukaputiMbale
Ijumaa, saa 7 mchana

Sista amemaliza karibu yote, mimi niko upande wa usingizi, nalaza watu theata huku Mbale, niongeze kwa nini inakuwa bega la KULIA mara nyingi maana watu huwa hawaelezwi. Kwenye operesheni ya nyongo hatumlazi mgonjwa sawa. Akishalala tunainua kitanda upande wa kichwa na kukiinamisha kidogo kushoto, ili matumbo yashuke yaende kushoto, daktari aone ini na kifuko vizuri. Kwa hiyo muda wote wa operesheni sehemu ya juu kabisa ya mwili ni pale chini ya kiwambo cha kulia, gesi inajikusanya pale pale. Gesi yenyewe tunaiweka kwa presha ya milimita 12 mpaka 15 za zebaki, kiwambo kinavutwa muda wote huo, na ikikutana na unyevu wa tumboni inageuka asidi nyepesi ambayo nayo inawasha. Hata gesi yote ikitoka kiwambo kinabaki na hasira siku mbili tatu, kama mguu uliotembea safari ndefu. Tafiti zinatofautiana lakini zinataja wagonjwa 35 mpaka 80 katika kila 100, kwa hiyo mama si wa ajabu.

Gesi hii tunaichagua makusudi. Haishiki moto tunapotumia umeme kukausha damu, na inayeyuka kwenye damu upesi, ikifika kwenye mapafu mtu anaitoa kwa pumzi. Hapo ndo jibu la chai yako dada. Gesi ya operesheni haiko ndani ya utumbo, iko nje ya utumbo ndani ya tumbo, haina njia ya kutokea kwa ushuzi wala mbweu. Inatoka kwa damu na mapafu. Kutembea na kuvuta pumzi ndefu kunasaidia, tangawizi haiifikii. Lakini utumbo nao unalala baada ya usingizi wetu na unajaa gesi yake, na hiyo chai ya moto na kutembea vinauamsha, kwa hiyo mpikie tu, isiwe kali kwa sababu ya vidonda vyake vya tumbo. Soda aache kama mzee alivyosema.

Presha: kama imetulia kwa dawa, mto mmoja chini ya makalio kwa robo saa si tatizo. Hatusimamishi mtu kichwa chini miguu juu, ni mwinamo mdogo. Wa kuuliza daktari kwanza ni mwenye moyo unaoshindwa kazi, anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala chali, mwenye presha ya macho, aliyewahi kupigwa kiharusi, au mwenye kiungulia kikali. Mama ana vidonda vya tumbo kwa hiyo asilale hivyo akiwa ametoka kula, asubiri saa moja hivi, la sivyo chakula na asidi vitapanda kooni. Akisikia kichwa kinagonga, kichefuchefu au pumzi inabana, toa mto mara moja.

Na diklofenaki umefanya vizuri kuiacha, hiyo na ibuprofeni hazipatani na vidonda vya tumbo, wala figo, wala presha. Mpigie aliyemfanyia umwambie. Lakini parasetamo asisubiri kuumwa sana. Ini na figo zikiwa sawa, mtu mzima wa uzito wa kawaida anameza vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24, kwa siku hizi mbili tatu ameze kwa saa, si kwa maumivu. Ukiacha maumivu yakapanda juu kabisa ndo umeze, yanachelewa kushuka. Na usimpe pamoja na dawa ya mafua yenye parasetamo ndani, utakuwa umemzidishia bila kujua.


ShangaziRukia
Ijumaa, saa 7 na dakika 30

Mimi dada yangu alifanyiwa ya kizazi kwa kamera na bega lilimuuma vile vile, tulimwekea chupa ya maji ya moto tumeifunga kwenye leso begani. Ilimsaidia. Mnasemaje wataalamu?


SistaWaWodi_Jinja
Ijumaa, saa 8

Joto begani ruksa shangazi, halitoi gesi lakini linatuliza. Yasiwe maji yanayochemka, kitambaa kiwe kinene, dakika 15 unatoa. Tumboni kwenye vidonda USIWEKE. Na ndiyo, operesheni yoyote ya kamera tumboni inaweza kuleta bega, ya kizazi, ya ovari, ya kidole tumbo, gesi ni ile ile.


BabaWatatu_Arua
Ijumaa, saa 2 usiku

Nimesoma yote tangu juu na yote ni kweli, lakini naomba mnisikilize na mimi kwa sababu mke wangu karibu nimpoteze kwa neno hilo hilo "ni gesi".

Alitolewa nyongo, hospitali sitaitaja. Bega likamuuma siku ya kwanza, ya pili likapungua, tukafurahi. Siku ya nne likarudi kwa nguvu pamoja na tumbo upande wa kulia juu, akaanza kutapika, jioni akawa anatetemeka na joto. Nikapiga simu wakaniambia ni gesi mpe parasetamo. Siku ya tano nikapiga tena, gesi. Siku ya sita mama yangu mzazi, mtu wa kijijini kabisa, akamtazama akanivuta pembeni akaniambia "huyu macho yake si meupe." Nilimchukua mchana ule ule hospitali nyingine, skani ikaonyesha nyongo inavuja ndani ya tumbo. Wakamwekea mpira wa kuitoa, siku tatu mfululizo mfuko unajaa maji ya rangi ya majani makavu. Leo mzima, anauza sokoni. Lakini zile siku mbili nilizokaa na simu mkononi naambiwa gesi mpaka leo zikinijia nashindwa kula.

Kwa hiyo dada mlaze hivyo walivyosema, lakini hesabu siku. Kila siku jiulize leo ni nafuu kuliko jana au la.


NusukaputiMbale
Ijumaa, saa 2 na dakika 50 usiku

Pole sana kaka, na umesema jambo ambalo sisi tulitakiwa kulisema kwanza. Mshipa ule wa kiwambo haujui tofauti ya gesi, nyongo na damu. Nyongo ikivuja ikafika chini ya kiwambo bega litauma. Damu ikivuja bega litauma. Maumivu yanafanana, kinachotofautiana ni mwendo wake. Ya gesi yana kilele siku ya kwanza na ya pili, halafu yanashuka, wengi siku ya tatu au ya nne yameisha, wachache yanafika wiki lakini kila siku yakiwa madogo. Na ya gesi yanasikia mlalo, ukimlaza kichwa chini yanapungua ukimkalisha yanarudi, kama mama wa Kawempe.

Yakishapungua kisha yakapanda tena, au yasipojali mlalo wowote, hapo acha mito, mnarudi hospitali siku hiyo hiyo.


SistaWaWodi_Jinja
Ijumaa, saa 3 usiku

Binti chukua kalamu uandike hizi ubandike ukutani, na usimsubirishe mtu asubuhi: joto kufika 38 au kutetemeka, macho au mkojo kuwa na rangi ya manjano iliyokolea, choo kuwa cheupe kama udongo mfinyanzi, tumbo kuwa gumu au kuvimba na kuuma zaidi kuliko jana, kutapika hata maji hayakai, kidonda kutoa usaha au nyongo. Hizo zote ni kurudi. Na hizi ni kurudi sasa hivi hata usiku wa manane: kukosa pumzi, kifua kubana na maumivu kwenda mkono wa kushoto au taya, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kuzimia au jasho baridi na mapigo ya mbio. Jirani aliyesema moyo hakukosea kuogopa, mama ana presha na miaka 58, nimetulia kidogo tu kwa sababu ni ncha ya bega la kulia, mkono hauumi, na sijda imelinyamazisha, moyo hausikii sijda namna hiyo. Lakini ukiona tofauti na hapo, usitusubiri sisi humu, boda kama gari hakuna.

Na ukienda usiseme tu "bega linauma". Sema "amefanyiwa nyongo kwa kamera Jumanne, bega lilipungua siku fulani likarudi siku fulani, joto ni kadhaa." Ukiwapa tarehe wanashtuka.


MamaShakira_Mukono
Jumamosi, saa 4 asubuhi

Samahani naingilia. Mwanangu wa miaka 16 ana sikoseli na mawe ya nyongo, mwezi ujao naye anaingia theata kwa hiyo ya matundu. Kuna kitu naweza kuomba kabla ili asipate hilo bega? Maana yeye maumivu anayajua tangu utotoni sitaki kumwongezea.


NusukaputiMbale
Jumamosi, saa 6 mchana

Mama Shakira pole na hongera kwa kuuliza mapema. Sikoseli na mawe ya nyongo ni ndugu, damu inavunjika kila siku na mabaki yake yanaganda kuwa mawe, ndo maana anayo akiwa mdogo hivyo.

Waulize wazi mambo mawili, daktari mpasuaji na mtu wa usingizi. La kwanza, kama wanaweza kufanya kazi kwa presha ya gesi ya chini, kuna wanaofanya kwa 8 mpaka 10 badala ya 12 mpaka 15, na maumivu ya bega yanapungua. Haiwezekani kwa kila mwili lakini kuuliza si kosa. La pili, mwisho wa operesheni kabla hawajaziba matundu, gesi isiachwe itoke yenyewe. Mimi huwa nainamisha kitanda kichwa chini, najaza mapafu pumzi kubwa mara tano hivi huku matundu yako wazi na daktari anakandamiza tumbo taratibu, kiwambo kinashuka kinaisukuma gesi nje, unaisikia inatoka fsss. Ni dakika moja hivi. Ukiwauliza hilo wataelewa unasema nini.

Kwa sikoseli yenyewe kuna makubwa kuliko bega: asikauke maji, asipate baridi, oksijeni isishuke, damu ipimwe na kuongezwa kabla kama itahitajika. Daktari wake wa sikoseli lazima aongee na hao wa theata, usikubali awe hana habari. Na baada ya operesheni maumivu ya kifua kwake yasiitwe gesi mpaka mapafu yaangaliwe.


MamaShakira_Mukono
Jumamosi, saa 6 na nusu

Nimeandika yote kwenye daftari lake la kliniki. Asante sana sana.


BintiHajati_Kawempe
Jumapili, saa 11 jioni

Assalam alaikum tena. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nahesabu siku kama baba wa Arua alivyoniambia, na kaka pole sana, nilimsomea mama habari yako akamwombea dua mkeo.

Ijumaa usiku kaka yangu alileta matofali mawili akayaweka chini ya kitanda upande wa miguu, mama akalala mpaka alfajiri, aliamka mara moja tu kwenda msalani akageuka ubavu kwanza kama sista alivyosema. Parasetamo nampa kwa saa, nimeweka kengele kwenye simu. Jumamosi bega lilikuwa linakuja akikaa kula tu, anakula nusu sahani ya uji anasubiri, baada ya saa moja analala na mto wake dakika kumi linakwisha. Tumetembea uani mara sita, mimi nahesabu na yeye anahesabu, yeye anasema saba. Joto nimepima asubuhi na jioni, leo ni 36.8. Macho nimeyaangalia nje kwenye jua, meupe. Mkojo wa kawaida.

Leo bega anasema limebaki kama mtu anayemgusa na kidole, na akivuta pumzi ndefu linavutika kidogo tu. Adhuhuri ameswali na rakaa zote ameshuka chini, kwenye sijda ya mwisho nilimsubiri tena mlangoni, akainuka mwenyewe. Matofali ameniambia niyatoe maana sasa anateleza kuelekea kichwani usiku mto unamwangukia, nimwachie ule mto wa makalio tu. Nimeyatoa. Jumanne tunaenda kutoa nyuzi, nimeandika siku zote kwenye karatasi na tarehe, na nitawaomba wale masista wa pale waweke hata karatasi ndogo ya kueleza hili bega kwa wanaotoka.


SistaWaWodi_Jinja
Jumapili, saa 1 usiku

Alhamdulillah, nimefurahi kweli. Na mimi kesho kwenye zamu naanza kuwaonyesha kwa mto wenyewe kitandani kabla hawajavaa nguo za kwenda nyumbani, nilikuwa nasema kwa mdomo tu. Jumanne ukitoka utuambie vidonda vikoje.